Karata za taroti nyakati za mashaka: tathmini ya jozi ya Rider-Waite-Smith na huduma zinazouzwa pamoja nayo

Jozi hii ya karata za picha za kupigia ramli ni kifaa kizuri cha kumkalisha chini mtu mwenye wasiwasi, alitazame jambo lake na kuliandika. Kama kifaa cha kuijua kesho, haina thamani yoyote. Tatizo ni kwamba wengi huitaka kwa sababu hiyo ya pili, ndiyo maana tathmini hii haiwezi kuishia kwenye ubora wa karatasi. Anayeifikiria taroti kwa kawaida ni mtu anayesubiri: majibu ya vipimo, barua ya kazi, ujumbe wa mpenzi aliyenyamaza ghafla. Hali yake ya kusubiri ni sehemu ya matumizi ya bidhaa, kama ilivyo kwa dawa ya usingizi.

Ndani ya kasha mna karata 78 na kijitabu. Karata kuu ni 22, kuanzia namba 0 (Mpumbavu) hadi 21 (Ulimwengu). Zilizobaki ni 56, katika makundi manne ya karata 14: Vikombe, Panga, Fimbo na Sarafu. Haya yanalingana na kopa, shupaza, pau na uru za karata ya kawaida, ila kila kundi lina sura nne za watu wa ikulu badala ya tatu: Mtumishi, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme. Zihesabu siku ileile unapozipokea. Zipange kuu kwa namba zake za Kirumi, kisha kila kundi kuanzia ree hadi Mfalme. Kasoro ya karata iliyokosekana au iliyojirudia itaonekana ndani ya dakika chache. Ukiwa umezoea jozi za mtindo wa Marseille, ule wa zamani wa Ufaransa, utashtuka kukuta Nguvu ni namba 8 na Haki ni namba 11. Si kosa la kiwandani. Arthur Edward Waite, aliyeisimamia jozi hii, alizibadilishia nafasi makusudi.

Picha zilichorwa na Pamela Colman Smith, na jozi ikatolewa London mwaka 1909 na William Rider & Son. Kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la mchapishaji na la Waite peke yao, na mchoraji aliyefanya kazi yote ya mkono akaachwa nje ya kasha. Nchini Marekani picha hizo haziko tena chini ya hakimiliki, kwa hiyo wachapaji ni wengi na ubora unapishana sana. Kipimo cha haraka ni saini ya Smith, herufi P, C na S zilizosokotwa pamoja karibu na ukingo wa chini. Herufi zikisomeka, mistari mingine nayo itakuwa safi. Zikiwa doa jeusi tu, ujue picha imenakiliwa kutoka kwenye nakala, na nyuso za watu nazo zitakuwa zimefifia. Kwa jozi hii kasoro hiyo ni kubwa, kwa sababu nyuso na mikao ndiyo inayofanya kazi. Geuza pia karata uangalie mgongo: mchoro wake uwe uleule ukiushika juu chini, la sivyo utatambua karata zilizogeuka kabla hujazifunua.

Ukubwa wa kawaida ni sentimita 7 kwa 12 hivi. Ni kubwa kwa mkono mdogo, na anayejaribu kuzichanga hewani atazimwaga. Gamba la kung'aa huteleza vizuri mwanzoni, lakini jasho la vidole huzigandisha karata mbilimbili, kisha unachomoa mbili ukidhani ni moja. Zifute kwa kitambaa kikavu. Hadithi kwamba lazima zifungwe kwenye hariri, zifukizwe, au zisinunuliwe na mtumiaji mwenyewe bali apewe zawadi, ni mapambo ya baadaye. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa karata, na katika baadhi ya nchi za Ulaya bado inachezwa hivyo hadi leo. Habari ya asili ya Misri ilitangazwa mwaka 1781 na Mfaransa Antoine Court de Gébelin, miaka 41 kabla ya msomi Champollion kufumbua maandishi ya kale ya Misri. Maana yake ni kwamba alikuwa anaeleza siri za maandishi ambayo hakuna mtu hai aliyeweza kuyasoma.

Kijitabu ndicho sehemu dhaifu kuliko zote. Maelezo ni mafupi, yanagombana yenyewe kwa yenyewe, na mara nyingi hayahusiani na kilichochorwa. Hapa mnunuzi mpya hukosea: anafunua karata, anakimbilia kijitabu, anasoma neno kama "hasara" na kufunga kasha akiwa na hofu kuliko alivyolifungua. Chukua Nane ya Panga. Inaonyesha mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, amezungukwa na panga zilizosimikwa ardhini. Mtazame kwa dakika mbili bila kijitabu. Miguu yake haijafungwa. Panga ziko nyuma na pembeni. Mbele yake pako wazi. Aliyefukuzwa kazi anaweza kuona kifungo, na mwingine akaona njia. Kila mmoja amejifunza jambo kuhusu namna anavyoiona hali yake, wala hakuna aliyeambiwa lolote kuhusu mwezi ujao. Mbili ya Sarafu nayo ni ya nyakati kama hizi: kijana anazungusha sarafu mbili ndani ya kitanzi, na nyuma yake majahazi yanapanda na kushuka kwenye mawimbi makubwa. Jozi nyingi za kabla yake zilikuwa na alama tupu kwenye karata ndogo, sarafu mbili basi. Kuzipa karata ndogo picha za watu na matukio ndiko kulikoifanya jozi hii iigwe hadi leo.

Sasa, kwa nini mtu timamu na aliyesoma ashike karata mambo yakivurugika? Jibu bora bado ni la mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona kwamba wavuvi wa ndani ya wangwa, ambako samaki ni wa uhakika na maji hayana hatari, hawakuwa na uganga wowote. Walewale wakienda bahari kuu, ambako mtu anaweza kurudi mikono mitupu au asirudi kabisa, safari ilizungukwa na uganga toka mwanzo hadi mwisho. Hawakuwa wajinga wa uvuvi. Ujuzi wao waliutumia kote. Uganga ulianza pale ujuzi ulipoishia na hatari ikaendelea.

Tafiti za baadaye zimeonyesha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Wakati makombora ya Iraki yalipopiga Israeli mwaka 1991, Giora Keinan aliwalinganisha wakazi wa miji iliyolengwa na wale wa miji iliyo mbali. Fikra za kimazingaombwe zilikuwa nyingi zaidi kwa waliokuwa hatarini, hasa wale wasiovumilia jambo lisilo na jibu. Vernon Padgett na Dale Jorgenson walipitia Ujerumani ya kati ya 1918 na 1940 wakakuta kwamba hali ya uchumi ilipozidi kuwa ya vitisho, maandishi kuhusu unajimu na mambo ya siri nayo yaliongezeka. Jennifer Whitson na Adam Galinsky, mwaka 2008, waliwaondolea watu hisia ya kuwa na udhibiti, kisha wakawaonyesha picha za chengachenga zisizo na kitu ndani yake. Waliopoteza udhibiti waliona maumbo ambayo hayakuwepo. Lenye manufaa zaidi kwa mnunuzi ni hili: washiriki walipopewa kwanza nafasi ya kufikiria mambo wanayoyathamini maishani, athari ile ilipungua. Kinachotafutwa, kwa hiyo, si habari za kesho. Ni hisia kwamba mkono wa mtu bado umeshika usukani, na hisia hiyo ina njia zaidi ya moja ya kurudi.

Taroti inairudisha kwa ujanja mmoja: unachomoa mwenyewe. Mwanasaikolojia Ellen Langer alionyesha nguvu ya jambo hili mwaka 1975 kwa tiketi za bahati nasibu za dola moja. Waliochagua tiketi zao wenyewe walidai wastani wa dola 8.67 ili waziuze. Waliopewa tu walitaka 1.96. Nafasi ya kushinda ilikuwa ileile. Karata uliyoichomoa kwa vidole vyako inabeba uzito huohuo wa ziada, na huwezi kuuondoa kwa kujua tu kwamba upo.

Matumizi yanayofaa yanaanza kabla ya kufungua kasha. Andika swali kwenye daftari. "Nitapata kazi?" halifai, na "lini?" halifai kabisa, kwa sababu picha haina tarehe. Andika lenye kitendo: "Katika jambo hili, lipi liko mkononi mwangu wiki hii?" Kisha changa karata ipasavyo. Jozi mpya hutoka kiwandani ikiwa imepangwa, na mtindo wa kuhamisha mafungu kutoka mkono hadi mkono huacha vipande vizima vikiwa vimeshikana. Ndiyo maana watu huchomoa Panga tatu mfululizo siku ya kwanza wakaamini wameonywa. Changa kwa kuingiliza nusu mbili mara 8 hadi 10, au zimwage zote mezani kifudifudi uzivuruge kwa viganja kwa dakika nzima kisha uzikusanye. Amua maana ya nafasi kabla ya kufunua, si baada: ya kwanza ni kilicho mkononi mwangu, ya pili ni kisicho mkononi mwangu, ya tatu ni hatua ninayoweza kuichukua kabla ya kesho jioni. Funua moja, ieleze kwa sauti kama unamsimulia asiyeiona, dakika mbili, kijitabu kikiwa kimefungwa. Andika sentensi moja kwa kila karata. Tia tarehe. Rudisha kasha kabatini.

Swali moja, mara moja. Hapa ndipo karibu kila kitu huharibika. Mtu asiyependa jibu huchanga tena, na tena, hadi Nyota, karata ya matumaini, itokee, naye hutulia kwa saa moja. Halafu wasiwasi unarudi ukiwa umefundishwa kwamba dawa yake ni karata, na muda kati ya dozi unafupika. Akiona anachomoa mara kadhaa kwa siku, au hawezi kutuma barua pepe bila kuuliza, jozi iondoke nyumbani. Kwa mtu mwenye tabia ya kukaguakagua mambo ni kifaa kibaya tangu mwanzo. Maswali ya dawa, kesi na mkopo hayana nafasi kwenye meza hii hata kidogo.

Lingine linalowatisha watu ni hesabu wasiyoifanya. Anayechomoa karata moja kila siku kutoka jozi kamili ana uwezekano unaozidi nusu wa kuona karata yoyote ile ikijirudia ndani ya siku 11 tu. "Inanifuata," husema. Haimfuati, 78 ni idadi ndogo. Na katika mpangilio maarufu wa msalaba wa Kiselti, wenye karata 10, uwezekano wa kutokea angalau moja kati ya karata nne za kutisha, yaani Kifo, Shetani, Mnara na Kumi ya Panga, ni takriban asilimia 43. Kwa karata tatu unashuka hadi 15. Kumbuka takwimu hiyo ya 43 tukifika kwa wasomaji wa kulipwa.

Programu za simu zinazochomoa karata au kutuma nyota ya siku ni hatua moja chini ya jozi yenyewe. Zinaondoa kilicho bora, yaani mkono, meza na ukimya, na kubakiza kilicho kibaya, yaani jibu la papo kwa papo linalopatikana saa nane za usiku. Nyingi huomba tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa. Hizo ni taarifa zinazotumika kukutambua kwingineko, kwa hiyo anayetaka tu kujiburudisha aweke za uongo; burudani haitapungua. Kagua pia jaribio la bure linaisha lini, maana kukatwa malipo bila kuulizwa tena ni desturi ya biashara hii.

Kuhusu maandishi yake, siri imejulikana tangu 1948. Mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia ya "kila mmoja", nao wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, yenye sentensi 13, nyingi zikiwa zimeokotwa kwenye kitabu cha unajimu. Unaweza kuipima programu yako kwa njia inayofanana. Mwombe mtu akunakilie utabiri wa jana wa nyota zote 12 bila majina, uchague unaoifaa zaidi siku uliyoiishi. Rudia siku 12. Kwa bahati tupu utaipata nyota yako mara moja hivi; chini ya mara nne au tano hakuna cha kushangilia. Wanajimu wenyewe walipewa mtihani mkali zaidi na Shawn Carlson, ukachapishwa mwaka 1985: walinganishe ramani ya kuzaliwa ya mtu na moja ya tabia tatu zilizopimwa kwa dodoso. Walitarajia kupata angalau nusu. Walipata theluthi, yaani sawa na kufumba macho na kuonyesha kidole.

Roboti za mazungumzo zinazojidai kusoma karata zina kasoro ya peke yake: hurudisha hofu uliyoziandikia, ikiwa imepambwa zaidi. Zipite.

Wasomaji wa moja kwa moja, kwa simu au video, ndio huduma mbaya kuliko zote hapa, ingawa baadhi yao ni wasikilizaji wazuri na wateja wao hulipia hilo hasa. Malipo kwa dakika yanamfanya msomaji afaidike na wasiwasi wako kudumu. Mbinu ni chache na zinajirudia. Anaanza na kauli yenye pande mbili: wewe ni mchangamfu, lakini kuna siku unataka kuwa peke yako. Anatupa herufi: kuna mtu wa M. Nani asiye na mtu wa M? Halafu linakuja swali la kukana, ambalo ni zuri kiufundi: "Hujawahi kufanya kazi na watoto, sivyo?" Ukisema hapana, anajibu, "Ndivyo nilivyoona." Ukisema ndiyo, anajibu, "Ndiyo maana nimewaona." Katika hali zote mbili amepatia. Ukijaza fomu yenye jina kamili na namba ya simu siku mbili kabla, hana hata haja ya kubahatisha. Kurasa zako za mitandao zinamtosha.

Ukiamua kwenda, tumia jina la kwanza tu, omba ruhusa ya kurekodi, na usikilize tena baada ya wiki. Gawa kauli zake mafungu matatu: mahususi zilizo sahihi, mahususi zilizokosea, na zinazomfaa mtu yeyote. Fungu la tatu ndilo litakalojaa. Kumbukumbu bila rekodi hufuta la pili lote.

Hatari yenyewe huanza karata ya kutisha inapotokea, nayo, kama tulivyokokotoa, itatokea karibu nusu ya misalaba yote. Anayefanya ulaghai hahitaji kuipanga, anasubiri tu. Kisha anasema kuna husuda, kuna fundo, na fundo lina malipo yake tofauti na ya kusomewa. Kata simu papo hapo ukisikia malipo ya pili, siku ya mwisho ya kulipa, agizo la kutomwambia mtu, au ushauri wa kuacha dawa. Agizo la usiri ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa linakutenga na watu ambao wangekuuliza swali moja na kuuvunja mchezo. Na aliyeshalipa kafara moja huendelea si kwa sababu anaamini zaidi, bali kwa sababu kuacha ni kukiri kwamba ya kwanza ilipotea.

Kwa nyota: karata zenyewe 4 kati ya 5, kijitabu 2, programu 2, ushauri wa kulipia kwa dakika 1.

Anayesitasita kununua anaweza kujaribu bure. Karata ya kawaida haitafaa sana, kwa sababu haina picha. Kata picha 20 kutoka magazeti ya zamani, kila moja ikiwa na mtu anayefanya jambo: anayebeba, anayesubiri, anayegeuka kuondoka, anayecheka peke yake. Zibandike kwenye karatasi ngumu za ukubwa mmoja, zivuruge kifudifudi, na ufuate hatua zilezile: swali lililoandikwa, nafasi tatu, dakika mbili kwa kila picha, sentensi moja. Fanya hivyo kwa majuma machache. Zikikufaa sawasawa, huna haja ya jozi ya kununua. Zisipokufaa lakini bado unazitamani picha za Smith, nunua toleo kubwa, si lile la mfukoni. Kwenye lile dogo miguu ya mwanamke wa Nane ya Panga haionekani vizuri.